Avute Pumzi au Adai Mwenzake wa Zamu?

Hoja iliyoletwa mezani ni hii. Ni hospitali ya wilaya, mji wa pwani. Wakunga ni wachache, wazazi ni wengi, na watumishi wamechoka uchovu ule ambao likizo ya wiki moja haiuondoi. Uongozi umeleta pendekezo: kozi ya wiki 8 ya uzingativu. Mtu anakaa, anafuata pumzi inavyoingia na kutoka, anausikiliza mwili kuanzia unyayo hadi utosi. Mawazo yakija anayaona yanavyokuja, yakiondoka anayaacha yaende zake. Inasemwa kwamba msongo hupungua, wasiwasi hutulia, na moyo wa kazi hurudi. Wapo watumishi waliofurahi. Wapo waliouliza kama hiyo ndiyo ajira mpya waliyokuwa wakiisubiri.

Nimewakalisha wanne wajadiliane: muuguzi mkunga mkongwe wa wodi ya wazazi, mwanasaikolojia kijana anayetaka kuifundisha kozi hiyo, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, na maalim wa madrasa ambaye huitwa hospitalini kuwafariji wagonjwa na jamaa zao. Watu hawa ni wa kubuni, na hospitali yao haipo kwenye ramani. Hoja zao ni za kweli, kwa kuwa ndizo zinazogongana kila mahali ambapo wanaohitaji kuhudumiwa wamewazidi mno wanaohudumia. Nami nitaingilia nitakapoona jambo linapita bila kushikwa.

KATIBU: Mama, shikamoo. Maalim, asalaam aleikum. Dada, karibu. Niseme mapema kwamba sina ugomvi na pumzi. Ugomvi wangu ni ikama. Leba ya hapa usiku ina mkunga mmoja na mhudumu mmoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba nchi inahitaji madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000 ili huduma za msingi zimfikie kila mtu, na nchi zetu nyingi ziko chini kabisa ya hapo. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Wengi hawajafika. Hilo ndilo chimbuko la uchovu tunaouzungumza.

Na si mimi niliyelibuni. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea kwenye kliniki ya bure jijini New York, aliandika kuhusu wenzake waliokuja na moyo wa kujitolea na baada ya muda wakawa wamekwisha. Baadaye Christina Maslach akaupima uchovu huo kwa mambo matatu: mtu kuishiwa nguvu za moyo, kuanza kuwaona wagonjwa kama vitu, na kuona kwamba hafanikishi lolote tena. Yeye na mwenzake Michael Leiter wakataja vyanzo 6: mzigo wa kazi, uhuru wa kuamua, malipo na shukrani, mahusiano ya kazini, haki, na maadili ya kazi yenyewe. Katika vyanzo hivyo, hakuna hata kimoja kinachokaa puani mwa muuguzi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoutaja uchovu huu kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, lilisema wazi kwamba si ugonjwa. Ni jambo la kazini, linalotokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Sasa mtu paa linamvujia, nanyi mnamfundisha kulala vizuri chini ya matone?

MWANASAIKOLOJIA: Kaka Katibu, ningekuwa mimi ninayegawa fedha, ningeanza na ikama kama wewe. Hapo hatubishani. Lakini niruhusu nieleze kinachotokea ndani ya mtu, maana chumba hiki kimejaa watu wanaodhani nimekuja kufundisha subira.

Mzazi akianza kutoka damu ghafla, mwili wa Mama hapa unamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, kotisoli inapanda. Bila hayo yule mzazi angekuwa hatarini zaidi. Tabu inaanza baadaye. Zamu imeisha, Mama yuko nyumbani, amevua viatu, ila mwili haujapata habari kwamba hatari imepita. Na kinachouzuia usipate habari hiyo ni mawazo: ningempima presha mapema, ningempigia daktari mara ya pili, kesho nikikuta mwingine wa hivyo itakuwaje. Kila wazo la namna hiyo linaamsha moto uleule, ingawa hakuna mzazi chumbani. Uzingativu unafanya kazi pale. Unamfundisha mtu kulitambua wazo likiwa bado ni wazo, kabla halijamchukua. Na pumzi inayotoka taratibu huamsha neva ya vagasi, ambayo hupunguza kasi ya moyo. Huo ni mwili tu, hakuna uganga ndani yake.

Kozi yenyewe ilianza mwaka 1979 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester. Jon Kabat-Zinn aliwaomba madaktari wampe wagonjwa ambao wao walikuwa wamefika mwisho wa uwezo wao, wengi wakiwa na maumivu ya mgongo, ya viungo, ya kichwa, yaliyodumu miaka. Hakuwaambia kwamba maumivu yatakwisha. Aliwafundisha kutenganisha maumivu yenyewe na vita ambavyo kichwa hupigana na maumivu. Darasa la saa mbili na nusu kila wiki, mazoezi ya dakika 45 nyumbani karibu kila siku, na siku moja nzima ya ukimya. Ni kazi, tena kazi ngumu.

MUUGUZI: Dakika 45, mwanangu? Kila siku?

MWANASAIKOLOJIA: Ndiyo kozi ilivyopangwa, Mama. Zipo fupi zaidi, lakini tafiti kubwa nyingi zimefanywa kwa hiyo ndefu. Na nizitaje kwa haki, za kupendeza na zisizopendeza. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Waliona unafuu wa wasiwasi, wa huzuni na wa maumivu. Unafuu mdogo hadi wa wastani, si muujiza. Hawakuona ushahidi kwamba unayashinda mazoezi ya viungo, dawa au tiba nyingine. Mwaka 2022 likatoka jaribio la Marekani lililowapa watu wenye ugonjwa wa wasiwasi ama kozi hii ya wiki 8, ama dawa ya escitalopram. Walioanza ni 276, waliomaliza 208. Nafuu ililingana. Walio kwenye dawa walipata madhara madogomadogo mara nyingi zaidi. Na kwa upande mwingine, mwaka huohuo Uingereza walitoa matokeo ya shule 85, wanafunzi zaidi ya 8,000 wa kati ya miaka 11 na 14: waliofundishwa uzingativu darasani hawakuwa na afya bora ya akili kuliko wasiofundishwa. Ukiwapa watu wote kwa amri, pamoja na wasioutaka, huenda usipate kitu.

MUUGUZI: Basi nami niseme ninavyoijua saa tisa ya usiku, kisha mtaniambia kama tunazungumza kitu kimoja.

Saa tisa usiku leba ina sauti zake. Feni inalalamika. Mama wa kitanda cha tatu anamwita mama yake mzazi, ambaye nimemwambia abaki nje. Mwingine amenyamaza, na huyo aliyenyamaza ndiye ninayemwogopa. Nina fetoskopu shingoni na partografu, zile chati za uchungu, za kujaza. Mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kusikilizwa kila nusu saa, nawe huwezi kuyasikia ukiwa na haraka. Unaweka fetoskopu tumboni, unaegemeza sikio, unashika saa, unahesabu. Kichwa kikienda kwingine umepoteza hesabu, unaanza upya.

Kuna jambo nimelifanya miaka mingi bila kulipa jina. Kati ya mama mmoja na mwingine, nikinawa mikono, nanawa kweli. Maji, sabuni, katikati ya vidole, nyuma ya kiganja, kucha. Yule niliyemtoka namwacha pale kwenye sinki. Nikifika kwa wa pili, nafika mzima, namuuliza jina na ninalisikia. Siku ambazo mikono inajinawia yenyewe na kichwa kiko kitanda cha nyuma, najikuta namuuliza mzazi swali alilokwisha kunijibu. Naye ananitazama. Wazazi wanajua ukiwa haupo.

Kwa hiyo kitu chako, mwanangu, nakijua, ingawa sikukalishwa darasani. Lakini kunawa kule kunataka muda. Kidogo, sawa, ila ni muda. Wazazi wakiwa watatu naupata. Wakiwa saba na mimi peke yangu, nanawa nikitembea.

MWANDISHI: Niingilie hapa, maana Mama amesema jambo ambalo wengi wanaoandika juu ya uzingativu huliruka. Kuzingatia kunahitaji nafasi, na nafasi kazini inatengenezwa na idadi ya watu. Hakuna mbinu ya akili inayoweza kumfanya mtu mmoja awe kwenye vitanda saba. Na bado wale watatu, usiku wanapokuwa watatu, wanapata mkunga tofauti kabisa kwa sababu mwanamke huyu ananawa namna hiyo. Mambo haya mawili yamefungana, na mjadala unaoyatenganisha unampoteza yeye.

KATIBU: Nakubali, Mwandishi. Ila tuangalie yanavyotumika huko nje. Mwaka 2024 mtafiti wa Oxford, William Fleming, alitoa uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 wa Uingereza kutoka taasisi 233. Aliwalinganisha waliotumia programu za ustawi kazini, uzingativu ukiwemo, na wenzao wasiozitumia. Hawakuwa na hali bora. Karibu kitu pekee kilichoonyesha dalili njema ni kujitolea kwa ajili ya wengine. Sasa mwajiri akisoma hayo na bado akachagua kozi, anachagua kwa sababu gani? Kwa sababu kozi ni nafuu kuliko ajira. Na kwa sababu kozi inamwambia mfanyakazi kwamba kasoro iko kichwani mwake.

Sisi tumelelewa na methali ya mvumilivu hula mbivu. Ni nzuri nyumbani. Lakini hospitalini nimeisikia ikisemwa na watu ambao hawajawahi kukesha. Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma miezi mitano. Walikuwa na hasira na walikuwa na haki ya kuwa nayo. Naogopa darasa ambalo lingewafundisha waitazame hasira hiyo mpaka ipite, waamke asubuhi wametulia na mshahara uleule.

MWANASAIKOLOJIA: Uchambuzi wa Fleming nauheshimu. Ni wa kuuliza watu hali zao kwa wakati mmoja, kwa hiyo hauwezi kusema nani alikuwa amechoka zaidi kabla ya kujiunga, na humo ndani kuna kila kitu, kuanzia kozi nzito hadi programu ya simu ya dakika tano. Lakini ujumbe wake kwa waajiri ni wa kweli. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha mapitio ya tafiti kuhusu uchovu wa madaktari. Hatua za mtu binafsi, kama uzingativu, na hatua za taasisi, kama kupunguza saa za zamu, zote zilisaidia. Kwa jumla waliochoka walishuka kutoka asilimia 54 hadi 44. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini inataka mabadiliko ya kazi yenyewe, mafunzo kwa mameneja, na ndipo inaruhusu mazoezi ya mtu mmojammoja. Sijawahi kuiona ikisema chukua hili la mwisho uache yale ya mwanzo.

Hilo la hasira ndilo limenigusa. Kaka Katibu, kuna habari moja inayosahaulika. Mtawa wa Kivietnamu, Thich Nhat Hanh, alikuwa mmoja wa walioanzisha shule ya vijana wa huduma za jamii huko Saigon katikati ya miaka ya 1960. Vijana wale walikwenda vijijini, vita vikiendelea, kujenga upya nyumba zilizolipuliwa, kufundisha, kuuguza. Baadhi yao waliuawa. Yeye akatoka nje ya nchi mwaka 1966 kudai amani, akazuiwa kurudi. Martin Luther King alimpendekeza kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1967. Kitabu chake kinachojulikana zaidi juu ya uzingativu kilianza kama barua ndefu, aliyoiandika uhamishoni kwa mwenzake wa shule ileile, ili wafanyakazi wale wasizimike. Tazama walioandikiwa: watu waliokuwa wamechoka, walioona maovu, waliokataa kuyanyamazia, na ambao kesho yake walitakiwa kurudi kijijini. Aliyewafundisha kupumua ndiye aliyekuwa akipaza sauti dhidi ya vita.

KATIBU: Hilo sikulijua.

MWANASAIKOLOJIA: Hasira ukiitazama haipotei kwa lazima. Mara nyingi inakuwa wazi zaidi. Inajua inamkasirikia nani. Isiyotazamwa inamwangukia mhudumu, au mzazi, au mtoto nyumbani.

MUUGUZI: Au mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja mafunzoni. Nimeyaona hayo.

MAALIM: Niruhusiwe nami. Nimeulizwa na waumini wawili watatu kama jambo hili ni ibada ya watu wengine inayoingia kwa mlango wa nyuma. Swali hilo ni la haki, msilicheke. Mizizi yake iko kwa Mabudha, na aliyeipeleka hospitalini alisomea kwa walimu wa Zen. Lakini naona alichokibeba ni zoezi, bila ya imani. Kufuata pumzi si kumsujudia mtu. Na kwetu mtu kuhudhuria kwa moyo si jambo geni. Ndiyo khushui tunayoidai ndani ya sala, na ndiyo tafakuri ambayo Imamu al-Ghazali aliiandikia kwa kirefu zaidi ya miaka 900 iliyopita. Wakristo nao wanayo ya kwao. Asiyeitaka asilazimishwe, na anayeitaka asitishwe.

Langu ni moja zaidi. Mnamzungumzia mtu mmoja na kichwa chake. Huku kwetu aliyeelemewa haachwi peke yake na pumzi zake. Anakaliwa. Watu wanakuja, wanakaa mkekani, wanamwuliza.

MWANASAIKOLOJIA: Maalim, kuna ushahidi mkubwa wa hayo, tena wa barani kwetu. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafunza kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza na watu wanaosumbuliwa na kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Bibi anasikiliza, kisha wawili hao wanachagua tatizo moja linaloshikika na kupanga hatua ya kulitatua. Jaribio la kliniki 24 lenye watu 573, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba baada ya miezi 6 wenye dalili za sonona walikuwa kama 14 kati ya 100 kwa waliokaa na bibi, na 50 kati ya 100 kwa waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika hadi Zanzibar.

MUUGUZI: Hilo ndilo ningeanza nalo mimi. Kwa sababu kuna jambo sijalisema. Kuna mama mmoja, zamani, hatukumpata. Alitokwa damu usiku, na damu ya kumwongezea haikuwepo. Mwanangu, ukiniambia nifunge macho nitulie, nakuambia huyo ndiye atakayekuja. Atakuja na sauti yake.

MWANASAIKOLOJIA: Pole, Mama. Nashukuru umesema. Na usiyafunge. Hili linanikera katika namna kozi hizi zinavyouzwa, kana kwamba hazina madhara. Mtafiti Willoughby Britton amefanya kazi ya miaka kuonyesha kwamba watu wengine mazoezi haya huwaletea hofu, kumbukumbu mbaya, kukosa usingizi. Mwenye jeraha la namna yako anaweza kuanza macho yakiwa wazi, miguu ikiwa sakafuni, akizingatia kitu kilicho nje yake; maji yako ya kunawa yanatosha kabisa. Na inawezekana kitu unachokihitaji kwanza ni mtu wa kukaa nawe, wala si darasa langu. Mwenye hofu inayomkaba mpaka anashindwa kupumua, au anayewaza kujidhuru, huyo ni wa kutibiwa. Nikimwambia avute pumzi nimemtelekeza.

MWANDISHI: Nimeombwa nisiegemee upande, nami nitaegemea. Ninaamini kozi hii ina thamani, na ninaamini mwajiri anayeileta badala ya watumishi anaitia sumu. Kipimo changu ni saa. Inafundishwa ndani ya saa za kazi, huku mtu mwingine ameshika zamu? Basi taasisi imelipa kitu, imekubali kwamba uchovu ni wa kwake. Inafundishwa saa moja asubuhi, kwa mkunga aliyetoka kukesha, tena jina lake linaandikwa kwenye daftari la mahudhurio? Hapo mtumishi ameongezewa kazi nyingine bila malipo, na kazi yenyewe ni kuonekana ametulia.

KATIBU: Hapo umenipata. Dada, uongozi ukikupangia darasa baada ya zamu ya usiku, utafundisha?

MWANASAIKOLOJIA: Sitafundisha. Mtu aliyekesha anahitaji kulala. Ukimkalisha afuate pumzi atasinzia, na mwili wake utakuwa umefanya sawa.

KATIBU: Hayo tuyaandike. Ndani ya saa za kazi, kwa hiari, na mwenzake yupo wodini. Na nina ombi, nisikilizwe mpaka mwisho. Miaka yote nikienda mezani kudai ikama, nakwenda na hesabu za uzazi za mwezi. Wananiambia mbona kazi zinakwenda. Lakini mtu aliyejifunza kuusikiliza mwili wake anajua ni saa ngapi mikono inaanza kutetemeka, ni mzazi wa ngapi ambapo sikio linaacha kusikia mapigo. Ushahidi wa namna hiyo sijawahi kuwa nao. Darasa likiendelea, nipewe wanayoyasema.

MWANASAIKOLOJIA: Hapana, Kaka. Hilo siwezi. Wanayoyasema darasani hayatoki. Wewe leo unayataka kwa nia njema. Kesho meneja naye atayataka, ajue nani dhaifu, nani ahamishwe. Siku mkunga akihisi kwamba chozi lake litasomwa kwenye kikao, ataleta mwili darasani na kuuacha moyo nyumbani, na nitakuwa nimefundisha kujificha.

KATIBU: Lakini basi yote wanayoyagundua yanaishia humo ndani. Ndilo nililolisema tangu mwanzo. Mnayafungia.

MAALIM: Siri ya mtu ni amana, Katibu.

KATIBU: Na uhai wa mzazi je, Maalim? Nao si amana?

MUUGUZI: Mnagombania kitu cha nani? Ni changu. Nitakayoyasema darasani juu ya yule mama aliyeondoka, yabaki darasani. Wewe Katibu huyahitaji, na meneja ndiyo kabisa. Ya wodini ni mengine. Kitabu cha ripoti kipo pale mezani tangu naajiriwa. Kila asubuhi tunaandika waliojifungua wangapi, waliopelekwa upasuaji wangapi, vifo, dawa zilizopungua. Hatuandiki mkunga alikuwa mmoja. Hatuandiki kwamba saa tisa mapigo ya mtoto wa kitanda cha tano hayakusikilizwa kwa sababu nilikuwa nimeshika tumbo la wa kitanda cha pili. Tunaona aibu, tunaona kama tunajishtaki.

KATIBU: Na ukiandika, matron atasema nini?

MUUGUZI: Atasema nimeharibu kitabu. Nitamwambia asome. Na wenzangu wa zamu nyingine nitawaomba nao waandike, maana nikiandika peke yangu nitaonekana mimi ndiye niliyezeeka. Wewe utakuja kunakili kama unavyonakili siku zote, kitabu hakifungwi kwa kufuli. Mwanangu, darasa lako nitakuja, macho wazi kama ulivyosema. Ila ratiba ya mwezi ujao ya zamu inabandikwa Ijumaa. Kama jina la wa kunishikia wodi halimo, Jumatano usinisubiri.